Mdoli Chini ya Nyasi

Chakacha, chakacha, chakacha. Hivyo ndivyo ilivyolia. Miguu mingi juu ya mabua makavu kwa wakati mmoja, kama moto unaoanza kushika pori. Hapa Tunduma malori yanaweza kupiga honi mpaka ukasahau jina lako, lakini hakuna sauti iliyokaa kichwani mwangu kama ile. Kwenye bustani ya Bibi hakuna mtu aliyeruhusiwa kukanyaga. Hata kuku walikuwa wanajua.

Juzi imenirudia. Nina ndoo saba za rangi nyuma ya chumba nilichopanga, nimepanda chainizi na nyanya, na juu ya udongo nimelaza nyasi kavu na maganda ya maharage. Nina ndoto zangu, siku moja ndoo saba ziwe ekari, na madereva wote wa foleni ya malori wale mboga yangu. Mama mwenye nyumba akapita akasema, "We Sekela, hizo takataka kwenye ndoo za nini? Unafuga panya?" Nikacheka, nikamwambia, "Mama, hizo ni nguo." Akaondoka anatikisa kichwa. Halafu watoto wake wakaja wanakimbizana, wakapindua ndoo mbili, wakazikanyaga zile nyasi. Chakacha, chakacha. Nikajikuta nimekaa chini kwenye udongo uliomwagika. Mimi ambaye watu wananisema nacheka hata msibani.

Basi wacha niandike, wenzangu wa rika langu mtanielewa.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kijijini kwetu Mbozi, kwenye kahawa na mahindi. Baba alishafariki. Mama alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha. Alipoondoka alinishika mashavu akasema, "Mvua zikianza nitakuwa nimerudi." Nilikuwa darasa la pili. Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kuna asubuhi.

Bibi alikuwa mdogo wa umbo, mwenye utani mwingi. Aliniita mke mwenza, maana babu yangu marehemu, alisema, alituoa wote wawili akakimbia madeni ya mahari yangu. Nyuma ya nyumba alikuwa na matuta kama kumi hivi ya mboga. Wenzake baada ya kuvuna walikuwa wanachoma mabua au wanawaachia ng'ombe. Bibi alikuwa anayabeba kichwani mzigo baada ya mzigo, anayakatakata kwa panga, anayalaza kwenye matuta. Alikata nyasi kabla hazijatoa mbegu, akazianika kwanza. Maganda ya kahawa aliyarundika pembeni kwa wiki kadhaa mpaka joto la kuoza lipoe, ndiyo ayatumie. Shuleni baadaye nilisikia wanaita matandazo. Bibi yeye alisema tunauvisha udongo.

"Mwagilia kwanza, ndiyo uvishe," alikuwa ananifundisha, amenishika mkono. "Unene wa kiganja chako, siyo changu, changu kimenyauka. Na hapa kwenye shina uache nafasi, vidole viwili. Ukimbana shingo ataoza."

"Bibi, mbona tunauvisha?"

"Ukiwa uchi, jua linakausha, mvua inachimba. Wewe ukiachwa uchi kiangazi kizima utafurahi?"

Nilikuwa napenda kuingiza mkono chini ya zile nyasi. Juu, kukavu, kunachoma vidole. Chini, kumepoa, kumelowa, kuna harufu ya chungu cha maji na uyoga. Kijiji kizima vumbi linapepea, chainizi za Mama Faraja jirani yetu zimelala chini kama matambara, na pale chini ya nyasi zetu ni kama mvua imenyesha jana. Na mimi kwa akili zangu za darasa la pili nikaelewa jambo langu. Nikaelewa kwamba chini ya nyasi za Bibi mvua zimeshaanza.

Mnaona ninakokwenda. Kama mvua zimeanza pale, basi mama naye anatakiwa awe pale.

Nikachukua gunzi kwenye yale mabua, nikatengenezea mdoli. Mikono ya maganda ya mahindi, mafundo matatu ya uzi mwekundu, shingoni, kiunoni, miguuni. Nywele nilizitoa kwenye kitana alichoacha mama, zilikuwa zimebaki zake kabisa, nyeusi, zinanukia mafuta yake. Nikamfunga kipande cha kitenge chake. Bibi alinikuta barazani naremba, akasema, "Mke mwenza, huyo mrembo nani?" Nikamwambia ni mama. Hakunitania. Alinipapasa kichwa tu, akaenda kuchambua maharage. Kesho yake nilipotoka shule nikafunua nyasi kwenye tuta la tatu, nikamzika mdoli kwenye ule unyevu, nikamfunika. Nikaacha vidole viwili shingoni asioze.

Sasa watu walikuwa wanamuuliza Bibi, mbona bustani yako haikauki? Asubuhi za baridi kali kule kwetu, yale maganda ya kahawa yaliyorundikwa yalikuwa yanatoa mvuke, moshi mwembamba bila moto, na waliokuwa wanapita kwenda bombani walikuwa wanauona. Bibi naye badala ya kueleza, akawa anatania. Siku moja Mama Faraja alisimama uzioni na ndoo yake.

"Mama, mimi namwagilia mara mbili kwa siku na zinakufa. Wewe una nini huko chini?"

"Nina vijana wangu," Bibi akajibu. "Wanalima usiku na mchana, hawali ugali wangu, hawaniombi soda."

Alikuwa anasema minyoo. Mimi nilicheka mpaka nikakaa. Mama Faraja hakucheka. Kule kwetu ukisema una vijana chini wanaokulimia bila kula, mtu hafikirii minyoo. Anafikiria misukule, wafu wanaofanyishwa kazi na wachawi.

Wiki chache baadaye mtoto mchanga wa Mama Faraja akafa kwa homa. Bibi alikwenda msibani na kikapu cha mboga, akarudi nacho kimejaa vilevile. Mboga hiyo alimkaangia baba mdogo Festo, mdogo wake baba, aliyekuwa anaishi nasi.

Halafu wakaitwa lambalamba. Wengi mnawajua. Ni wale watu wanaozunguka vijijini wakisema wanatoa uchawi, wanaingia nyumba hadi nyumba, wanachimba, wanatoa vitu, wanawanyoa watu kwa wembe na kuwachanja. Serikali inawakataza, lakini mtendaji wa kijiji alikuwa ameenda mjini Vwawa, na wao walijua. Siku ya kwanza walikuwa ng'ambo ya kijito. Kule walimkuta binti wa rika langu, wakasema bibi yake amemrithisha uchawi, wakamchanja kifua mbele ya watu mpaka akazimia. Baba mdogo alikuja na habari hiyo. Bibi alinitazama kwa muda mrefu, akaniambia nikavae sweta. Jua lilikuwa linawaka.

Walikuja kwetu siku ya pili, mchana. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha kihenge, napukuchua mahindi. Ndipo nikasikia. Chakacha, chakacha, chakacha.

Hawakupita mlangoni. Walitokea nyuma, kwenye uzio, wakavuka matuta. Watu kama hamsini, watu ninaowajua, wengine nawaamkia kila siku. Mbele alikuwa mwanaume wa shuka jekundu na mkia wa ng'ombe mkononi, ananusa hewa kama mbwa. Bibi akatoka jikoni na mwiko.

"Jamani, pitieni pembeni! Mnanivunjia mboga!"

Hilo ndilo lililomtoka kwanza. Nikilikumbuka nacheka huku nalia.

"Tumekuja kuona vijana wako," mwanaume mmoja akasema, na watu wakaguna.

Yule wa shuka jekundu akaelekeza mkia kwenye matuta. Wakaanza kufukua. Walikuwa wanang'oa nyasi kwa mikono, wanarusha hewani, wanakata tuta kwa majembe, chainizi zinaruka na mizizi yake myeupe. Nyanya zilikuwa zinapasuka chini ya viatu. Mwanamke mmoja alifunua maganda ya kahawa, yakamtolea mvuke usoni, akapiga ukelele akaanguka, na wengine wakapiga ukelele kwa sababu yeye amepiga. Minyoo ilitoka minene, myekundu, mingi. "Hao! Hao!" Wakaiponda kwa visigino. Tuta la kwanza. Tuta la pili. Mimi nilikuwa nimebana gunzi mkononi mpaka vidole vimekufa ganzi, maana nilijua la tatu lina nini.

Jembe likamtoa. Kitenge kimelowa, uzi mwekundu, nywele za mtu.

Waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Halafu Mama Faraja akalia. Siyo kilio cha hasira. Alilia kama alivyolia siku ile wanamtoa mtoto ndani. "Mwanangu! Wamemfunga mwanangu!"

Nilisimama. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilisimama, na mdomo nilifungua. Bibi akageuka. Katika watu wote wale alinitafuta mimi, na macho yake yakanikalisha chini kabla sauti haijatoka. Kisha akasema kwa nguvu, wote wasikie:

"Ni changu. Mtoto hajui kitu. Ni changu mimi."

Nilidhani amekasirika, kwamba nimemwaibisha na ananinyang'anya mdoli wangu. Ndivyo nilivyoelewa, Mungu anisamehe. Miaka ilipita ndipo nikaunganisha na yule binti wa ng'ambo ya kijito.

Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni. Ya pili mkono, aliunyanyua kujikinga, na mfupa ukalia kama bua kavu. Akaanguka kwenye tuta lake. Mtu akamkalia, wakamnyoa kwa wembe bila maji, damu ikawa inashuka masikioni na kuingia kwenye udongo uliofukuliwa, na udongo ukawa unainywa. Mwanaume aliyemuulizia Bibi habari za mbegu wiki moja kabla alimpiga teke la mdomo. Bibi hakulia. Alikuwa anaongea Kinyiha, taratibu, anawataja kwa majina ya mama zao, na kila aliyetajwa alipiga zaidi. Baba mdogo Festo akatokea barabarani anakimbia na mpini wa shoka, akampiga mmoja bega, na kabla hajamfikia wa pili wakamwangusha kwa tofali. Nilimwona anajaribu kuamka na mguu unamkatalia.

"Choma!" nani alisema sijui. Mara wote wanasema.

Nyasi zilikuwa zipo, nyingi, wamezing'oa wenyewe. Wakazikusanya kwa mikono na majembe, wakamrundikia Bibi juu yake. Zile zile. Za kukatwa kabla ya mbegu, za kuanikwa, za kubebwa kichwani. Wakamfunika mpaka sikumwona. Kiberiti kikawashwa.

Zilizokuwa juu zilishika mara moja, moto ukaruka juu kama mtu anayesimama ghafla. Nilifumba macho. Nilipofumbua, hapakuwa na moto. Palikuwa na moshi. Maana walikuwa wamezichanganya, za chini zilikuwa ndiyo zimekuja katikati, zimelowa mwaka mzima, na moto ulipofika kwenye ule unyevu ulikabwa. Ukatoka moshi mzito, wa njano, wenye uchungu wa maganda ya kahawa, ukaingia kwenye macho na vifua vya wale watu. Wakaanza kukohoa, wanarudi nyuma, wanapigana vikumbo, wengine wanatapika uzioni. Yule wa shuka jekundu alikuwa wa kwanza kukimbia. Na katikati ya ule moshi baba mdogo Festo alitambaa kwa magoti, akaingia, akatoka anachechemea, amembeba Bibi mgongoni kama mtoto. Wakatokea upande wa barabara. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anatazama tu muda wote akawasha pikipiki bila kuulizwa. Bibi akawekwa katikati. Mguu mmoja ulikuwa umeungua, kichwa kimejaa damu, na mkono umelegea unaning'inia upande usiotakiwa.

Wakaenda Vwawa hospitali. Hakuna aliyenikumbuka.

Jioni baba mdogo alirudi, shati lake gumu kwa damu. Alinipa mkate, akakaa kwenye kizingiti.

"Yu hai," akasema. "Anakuuliza wewe tu."

"Anarudi lini?"

Akaamua kuniambia kama mtu mzima. "Harudi hapa. Wameapa njiani kule, akikanyaga wanammalizia. Wanasema mwenyewe ameshakiri." Akanigeukia. "Ule mdoli ulikuwa wa nani?"

Nikakumbuka macho ya Bibi. Nikajaza mkate mdomoni.

Asubuhi alirudi hospitali na uji kwenye chupa, akaniambia nijifungie ndani na nisifungulie mtu, hata akiita jina langu. Nilijifungia. Nikakaa kitandani kwa Bibi, kwenye harufu yake ya moshi na vitunguu. Jua lilipopanda nikachungulia dirishani. Matuta yalikuwa wazi, yamechanwa, yanapasuka. Chainizi chache zilikuwa zimebaki zimesimama na majani yamelegea. Palikuwa na doa jeusi pale alipolala, na inzi.

Nikafungua mlango.

Nilianza na maji. Kata kwa kata kutoka kwenye pipa, maana unamwagilia kwanza. Halafu nikaokota nyasi. Zilizoungua nikazitenga, zilizobaki nikazilaza, unene wa kiganja changu. Vidole viwili kila shina. Nilipofika penye lile doa niliogopa sana, nikaimba wimbo wa namba wa darasa la kwanza ili nisisikie inzi, nikalimwagilia na kulivisha kama mengine. Sikujua naomboleza au nalima. Hata leo sijui tofauti yake vizuri.

Sijui wazo lilitoka wapi. Bibi alikuwa amenikataza kusema. Hakunikataza kitu kingine.

Nikachukua gunzi, maganda ya mahindi, uzi mwekundu kwenye kopo la sindano. Kitana cha mama kilikuwa hakina kitu tena, kwa hiyo nikafumua msuko wangu mmoja, nikakata kwa wembe wa Bibi wa kukatia kucha. Nikaenda kukaa mwisho wa bustani, kwenye uzio uliovunjwa, pale pale njia ya bombani inapopita. Nikanyoosha miguu. Nikaanza kumtengeneza.

Wanawake walikuwa wanarudi na ndoo. Wa kwanza alinipita kwa haraka, hakutazama. Wa pili alitazama. Akapunguza mwendo, maji yakamwagika begani, akaenda. Wa tatu na wa nne walisimama kidogo mbali, nikawasikia wananong'ona, mmoja akasema, "Ni mtoto. Mungu wangu, ni mtoto." Sikuacha. Nilifunga fundo la shingoni. Nikafunga la kiunoni.

Mtaniuliza kama nilisaidia kitu. Bibi alirudi baada ya wiki kadhaa, mkono umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, na hakuna aliyemgusa. Wapo waliompa mgongo mpaka leo. Ule mkono haunyooki, udongo anauvisha kwa mkono mmoja, na akinipigia simu bado ananiita mke mwenza. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nikisema nitachanjwa, na nisiposema Bibi harudi.

Niliponyanyua macho Mama Faraja alikuwa amesimama mbele yangu. Ndoo alikuwa hajaiweka chini. Macho yake yalikuwa yamevimba, na yalikuwa hayanitazami mimi. Yalikuwa kwenye mikono yangu, kwenye ule uzi, kwenye zile nywele, na kisha yakapanda mpaka kichwani kwangu, pale msuko mmoja ulipokosekana.

Akaishusha ndoo chini, maji yakamwagika.

Nikafunga fundo la tatu, la miguuni. Nikamvalisha kipande cha sketi yangu ya shule nilichokuwa nimekikata. Kisha nikajivuta mpaka kwenye tuta la tatu, nikamlaza mdoli pale. Sikumfukia. Nilimlaza juu ya nyasi, chali, uso kwenye jua, kila anayepita amwone.